Alichokinyamazia Mukalay

Ukitaka kujua kama shefu Mbuyi ameamka vizuri, mtazame Mukalay usoni. Ndivyo walivyokuwa wakisema mafundi wa karakana ya mota pale Kolwezi, Katanga, na hawakukosea sana. Watu hao wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu hata mmoja akikunja uso, mwingine anatafuta kilichoharibika.

Karakana yao, waliyoiita atelie, ilitengeneza mota za pampu zinazotoa maji kwenye mashimo ya shaba. Mota ikiungua kule Musonoi, inaletwa juu ya lori, inapasuliwa tumbo, nyaya zilizoungua zinatolewa na nyingine zinafungwa mahali pake, kisha inapakwa vanishi na kukaushwa ndani ya tanuri. Pampu ikisimama, shimo linajaa maji, na shimo likijaa maji kila mkubwa anatafuta mtu wa kumtwisha lawama. Kwa hiyo kazi ya Barnabé Mbuyi, shefu wa karakana, haikuwa kushughulika na nyaya tu. Alitakiwa kujua mapema ni kitu gani kinakwenda kuharibika, na hapo alimtegemea Mukalay, msaidizi wake.

Hawakuanza hivyo. Mukalay, mtu wa Kabalo aliyesomeshwa na mapadri, alifika pale na desturi ya kumpa mkubwa kile ambacho mkubwa anapenda kusikia. Mbuyi akiuliza kazi inaendaje, yeye anajibu, "Iko bien, shefu," yaani iko vizuri. Vanishi inaweza kuwa bado mbichi, nyaya zinaweza kuwa hazitoshi, na bado kazi iko bien. Mpaka siku moja mota iliyokuwa bien iliporudishwa kutoka Musonoi ikinuka moshi, na mkubwa wa shimo amepanda juu ya lori lilelile ili asichelewe kutukana. Mbuyi alisimama mlangoni, mikono nyuma, akayapokea matusi yote. Yule mtu alipoondoka, Mukalay alingoja zamu yake. Mbuyi akamwita nyuma ya karakana, penye mapipa matupu.

"Ile mota, ulijua kama haikukauka?"

"Nilijua, shefu."

"Sasa juu ya nini uliniambia iko bien?"

Mukalay aliangalia viatu vyake. "Nilikuogopa. Ile wiki uligombeza fundi Kitenge mbele ya batu bote."

Mbuyi alikwangua kutu kwenye pipa kwa ukucha. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini mdomo wake ulivutika upande mmoja.

"Basi tuko babili bakosaji," alisema. "Mi nitaacha kugombeza mutu mbele ya benzake. Na wewe utaniambia mubaya kwanza. Kila asubui, mbele batu baingie, tukutane hapa, uniambie kitu gani iko mubaya. Muzuri tutaiona na macho."

Ndivyo walivyofanya. Kila asubuhi Mukalay alimkuta Mbuyi penye mapipa, ameshika kikombe cha chai, na habari mbaya zikatolewa nje kama takataka kabla ya siku kuanza. Haikuwa rahisi. Mwanzoni Mukalay alizisema huku akitazama pembeni. Baadaye aligundua kwamba Mbuyi hapendi kuletewa tatizo likiwa uchi. Anapenda liletwe na njia moja ya kulitatua, hata kama njia yenyewe ni mbovu, ili wapate mahali pa kuanzia. Aligundua pia kwamba Mbuyi akitoka mkutanoni kwa mainjinia asisemeshwe mpaka amalize chai yake. Mbuyi naye alijifunza tabia ya mtu wake. Alijua Mukalay hawezi kumwambia mkubwa "hapana" usoni, kwa hiyo hakumwuliza kamwe, "Itawezekana?" Alimwuliza, "Nini itatuzuia?" Na hapo Mukalay alisema yote.

Urafiki wa wanaume wale ulibaki kazini. Wake zao ndio walioupeleka nyumbani. Godelieve, mke wa Mukalay, alipojifungua na kupatwa na homa, Tshiela mke wa Mbuyi alimchukua nyumbani kwake, akampikia uji na kumwogeshea mtoto mpaka homa ikaondoka. Mama mzazi wa Mbuyi, bibi mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyeitwa mama Ernestine, ndiye aliyemchagulia mtoto jina. Hakuna aliyekumbuka wakati huo kwamba nyumba ya Mukalay ilitoka kaskazini ya Katanga na ya Mbuyi Kasai. Mbuyi mwenyewe alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa na kampuni ya shaba akiwa kijana, akazikwa hapohapo.

Kisha kazi ikaanza kufa. Wageni walioendesha kampuni waliondoka baada ya askari kupora mji, vipuri havikuja, na katika nchi inayochimba shaba karakana ikakosa waya wa shaba. Wakawa wanapasua mota zilizokufa ili kuziponya zilizo mahututi. Mafundi walikuja kazini na njaa. Na kadiri kazi ilivyopungua ndivyo maneno yalivyoongezeka. Wakubwa wa siasa walisimama viwanjani wakasema kwamba umaskini wa Katanga una wenyewe, na wenyewe ni watu wa Kasai waliokaa kwenye viti vya wengine. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Neno hilo lilianza redioni, likahamia baa, na siku moja Mukalay akalikuta limeandikwa kwa chaki juu ya tanuri la karakana. Alilifuta kwa kiganja kabla Mbuyi hajaingia. Jioni akajiona amefanya jambo kubwa, hata akamsimulia Godelieve.

Jumapili moja baada ya misa, Kitenge alimvuta Mukalay kwa mkono akamwingiza katika baa iliyo karibu na soko. Kitenge alikuwa fundi hodari, tena mwepesi wa mikono, lakini hakuwahi kusahau siku ile aliyogombezwa mbele ya watu. Sasa alikuwa na kundi la vijana waliomwita mukubwa. Aliagiza bia, akaisukuma mbele ya Mukalay.

"Kesho kutwa asubui," alisema. "Vijana batakuwa pa mulango ya kampuni. Bilulu bote habaingii. Kisha batapita mu manyumba yabo."

"Na Mbuyi?"

"Mbuyi njo wa kwanza."

"Mbuyi hakutufanya mubaya," Mukalay alisema.

Kitenge alimtazama bila hasira. "Sikukuita unitetee mutu. Nilikuita ujue mapema, juu atelie haiwezi kubaki bila shefu. Shefu itakuwa nani? Si wewe?"

Mukalay alipaswa kuinuka. Badala yake alinyanyua glasi akanywa. Na jambo aliloliona aibu kuliko yote, miaka iliyofuata, halikuwa bia ile. Ni kwamba neno "shefu" lilipotajwa pamoja na jina lake, kitu ndani yake kilifurahi. Kilifurahi haraka, kama mtoto anayeitwa chakulani, kabla akili haijapata nafasi ya kukikemea.

Kesho yake alimkuta Mbuyi penye mapipa. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yametuama kwenye udongo mwekundu. Mbuyi alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimzunguka shingoni bila kuigusa. Mukalay alimweleza kuhusu mota ya Musonoi, kwamba waya hautoshi, labda wapunguze mizunguko waone. Mbuyi aliitikia. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Na upande wa batu? Si wa kazi. Wa batu. Hakuna mubaya ya kuniambia?"

Mukalay alijiambia kwamba maneno ya baa ni maneno ya baa tu. Alijiambia kwamba Mbuyi akienda kwa askari, Kitenge atajua nani amesema, na Godelieve na watoto wanalala katika nyumba yenye mlango wa mbao nyepesi. Alijiambia mengi kwa muda mfupi, na yote yalikuwa na ukweli wake.

"Hakuna, shefu," alisema. "Iko bien."

"Hakuna hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mbuyi alimtazama, akamwaga masalia ya chai chini. "Merci, Mukalay," alisema, na wakaingia kazini.

Asubuhi iliyofuata Mukalay alifika mapema kuliko wote, akapitia mlango wa nyuma unaotumiwa na malori. Alikuwa kando ya tanuri aliposikia kelele. Kupitia dirishani aliona vijana wenye matawi mikononi, na Kitenge mbele yao, na Mbuyi akija kwa miguu na mkoba wake kama siku zote. Hakukimbia, inaonekana hakuelewa mpaka walipomzunguka. Walimvua kofia ya kazi, wakamvua koti la bluu, wakaanza kurushiana. Kijana mmoja alimsukuma akaangukia goti kwenye tope. Mbuyi aliinuka, na macho yake yakatafuta madirisha ya karakana, moja baada ya jingine.

Mukalay aliiwasha feni ya tanuri. Tanuri lilikuwa tupu, hapakuwa na chochote cha kukausha, lakini feni ile ilinguruma kiasi cha kufunika sauti ya mtu. Haikufunika kila kitu. Alisikia jina lake likiitwa mara moja. Halikuitwa tena.

Kabla ya saa sita mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa mkurugenzi mpya, amewekwa na wakubwa wapya, mwenye sauti laini na kucha safi. Alisema nchi sasa iko mikononi mwa wenyewe, na kwamba amesikia Mukalay anaijua karakana kuliko mtu yeyote. "Toka leo wewe ni shefu wa atelie."

"Merci, direkteri," Mukalay alisema. Neno lilitoka kabla hajaliita.

Mchana ule nyumba za watu wa Kasai zilipasuliwa milango. Familia zilikimbilia stesheni na zilichoweza kubeba, zikakaa zikingoja treni ya kwenda kwao. Lakini wengi, kama Mbuyi, walikuwa hawajawahi kupaona kwao huko. Jioni Mukalay alirudi nyumbani na funguo mbili mfukoni. Mmoja ulikuwa wa ofisi. Wa pili ulikuwa wa nyumba ya Mbuyi, ambayo ilikuwa nyumba ya kampuni na sasa alipewa yeye, pamoja na cheo.

Godelieve aliutazama ufunguo mezani bila kuugusa.

"Nani alikupa hii?"

"Direkteri. Tukikataa, batapatia mwengine."

"Bapatie mwengine." Alikuwa akisonga bukari, na hakuacha kusonga. "Mu ile jiko Tshiela alinipikia uji nikiwa nakufa. Mi siwezi kupika mule. Kama unaingia, ingia peke yako."

Mukalay aliurudisha ufunguo. Nyumba akaichukua Kitenge.

Siku zikaenda, wiki zikaenda, na treni haikuja, au ilikuja moja ikajaa mpaka juu ya paa ikawaacha wengine. Mukalay alizunguka mbali ili asipite karibu na stesheni. Alijua Godelieve anakwenda. Alimwona akifunga bukari na mboga ya sombe katika kitambaa, akapotea mchana, akarudi nguo zake zinanuka moshi wa kuni mbichi. Hakumwuliza, naye hakumwambia. Walikula kwa kutazama sahani. Kazini mafundi walimwita shefu, na kila walipomwita alisikia kana kwamba wanamwita mtu aliyesimama nyuma yake.

Kisha jioni moja Godelieve aliingia, akaketi chini bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mama Ernestine amekufa," alisema.

Ilikuwa tumbo. Wengi pale stesheni walikuwa wanakufa kwa tumbo, kwa sababu ya maji. Walimzika siku ileile ukingoni mwa makaburi ya mji, bila jeneza, kwa mkeka. Godelieve alisema hayo yote huku akitazama ukuta. Mukalay alitaka kumwuliza kama Mbuyi ametaja jina lake. Hakuthubutu.

Aliyempiga Mukalay pigo la mwisho, kwa maneno tu, hakujua kama anampiga. Masudi alikuwa Mwislamu, mtu wa upande wa Maniema, mwenye lori la kupeleka chumvi na nguo Lubudi na kurudi na mahindi. Alimjua kila mtu, na kila mtu alimjua. Mukalay alimkuta sokoni akifunga turubai, akasimama kumsalimu.

"Nasikia mama ya Mbuyi alikufa," Masudi alisema. "Inaniuma, tata Mukalay. Inaniuma sana. Mi nilimuwekea nafasi. Nilikuwa natoka jioni, naenda Lubudi; kesho yake asubui njo bakamufukuza. Mujomba ya Tshiela anaikala kule. Nikamwambia, Mbuyi, leta mama na batoto, mama atakaa mbele karibu na mimi. Unajua alinijibu nini?"

Mukalay alishika ubao wa lori.

"Akasema, 'Leo asubui nimeuliza Mukalay. Anasema hakuna kitu. Na Mukalay hanidanganyaka.'" Masudi alikaza kamba, akatikisa kichwa. "Nawe ungejua namna gani? Hakuna mutu alijua."

"Hakuna," Mukalay alisema.

Mchana uleule alikwenda stesheni. Hakubeba chochote, alikumbuka hilo alipokwisha kufika. Watu walikuwa wamejenga vijumba vya magodoro na mabati kati ya reli. Kabati lenye kioo lilikuwa limesimama peke yake mvuani, na watu waliokuwa wakipita walijiona ndani yake wakageuza uso. Alimkuta Mbuyi ameketi juu ya sanduku, akinyoosha waya wa mpini wa jiko la mkaa. Ndevu zake zilikuwa zimeota nyeupe. Tshiela ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona Mukalay. Hakumsalimu. Aliinamia sufuria yake.

"Kaa," Mbuyi alisema, akasogea.

Mukalay alikaa kwenye sanduku lilelile. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Alifungua mdomo ili aombe msamaha, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Mota ya Musonoi iliungua tena, shefu."

Mbuyi hakushangaa. Aliuliza iliungua upande gani, wameikausha muda gani, nani aliipima. Mukalay alijibu. Mbuyi akamwambia aangalie beringi kabla ya kulaumu waya, kisha akatoa ushauri mwingine, kama aliyekuwa nao kwa muda mrefu na hakupata wa kumpa.

"Huyu direkteri mupya, anapendaka kuahidi," alisema. "Anaahidi mainjinia, kisha anakuja kukwambia tayari. Usingoje aahidi. Wewe wa kwanza umufuate asubui, umwambie uko na nini mukononi na uko na nini hapana. Akikukasirikia, mwache akasirike. Atakuzoea."

Kwa dakika chache walikuwa kama zamani, wanaume wawili na kazi yao. Mukalay akainua macho, akamkuta Tshiela amesimama na mwiko mkononi, akimtazama kama mtu anavyomtazama mwizi anayeomba maji ya kunywa.

Mbuyi naye aliona. Aliuweka waya chini.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua, shefu."

"Tangu lini?"

"Toka siku ya Mungu, kisha misa. Kitenge aliniambia."

Mbuyi alitikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti, hakuwahi tena kupandisha sauti juu ya Mukalay tangu siku ile waliyopatana, na hata sasa, mbele ya umati huu ambao hauna habari nao, hakupandisha.

"Sikuuliza polisi," alisema. "Sikuuliza padri. Bandugu yangu baliniambia tukimbie, nikabakatalia. Nilikuuliza wewe."

"Unisamehe, shefu."

"Masudi alikuwa na nafasi mbele, karibu na yeye. Ile kiti yake iko na muto. Mama angekaa pale."

Mukalay alingoja atukanwe, apigwe, afukuzwe, na hakuna kilichokuja. Mbuyi aliuokota waya akaendelea kuunyoosha. Ndipo Tshiela akasogea.

"Tata Mukalay," alisema, na hilo "tata" alilitamka kwa heshima kamili, jambo lililomuumiza zaidi. "Sisi tutaenda. Mama anabaki hapa peke yake. Pale balimuzika, majani inaota mbio, kisha batu batalima mihogo juu. Sina mwengine wa kuomba. Uangalie ile kaburi."

"Nitaangalia, mama."

"Si kwa kutufurahisha. Uangalie."

Treni ilikuja baada ya hapo, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa. Godelieve alikwenda kuwasindikiza. Mukalay alikuwa kazini. Mkurugenzi alikuwa ameahidi mota kwa mainjinia, na Mukalay alikuwa amemwambia asubuhi kwamba haitakuwa tayari. Mkurugenzi alikasirika, kisha akaahirisha. Hivyo alikaa karakanani akiwa amefaulu, na kutoka mbali akasikia treni ikiondoka. Godelieve aliporudi alisema Tshiela alipunga mkono. Hakusema Mbuyi alifanya nini.

Mukalay alianza kwenda makaburini Jumamosi. Kaburi lilikuwa ukingoni kabisa, msalaba wa fito mbili usio na jina. Alichonga jina kwenye ubao, akausimika, akalima majani, akazungushia mawe. Mara ya kwanza alikutana na Stany, mzee mlinzi wa makaburi, ambaye alimpongeza kwa kazi nzuri.

"Huyu ni nani yako?"

"Shangazi ya muke yangu," Mukalay alisema.

Alirudi nyumbani na jembe begani, akiwa hajui kwa nini amesema vile. Mzee Stany hakuwa na kundi, hakuwa na chuki na mtu, na jina la mama Ernestine lilikuwa limeandikwa palepale ubaoni. Alimweleza Godelieve. Godelieve aliacha kufua.

"Alikupatia jina ya mutoto," alisema, "na wewe hauwezi kumupatia yake?"

Mwaka uliofuata, karibu na Pasaka, fundi mmoja wa karakana alikufa, na wote walikwenda kuzika. Mazishi yalipokwisha, watu wakaanza kutawanyika kuelekea mjini. Mukalay alibaki nyuma. Majani yalikuwa yameota sana kwa mvua, naye akapiga magoti katika suruali yake nzuri akaanza kung'oa kwa mikono. Aliona kivuli kikisimama juu ya mawe. Alikuwa Kitenge. Walikuwa wakionana kila siku kazini, na tangu siku ya mlangoni hawakuwahi kuzungumza jambo lolote lisilohusu mota.

"Kaburi ya nani?" Kitenge aliuliza.

Mukalay alihisi jibu la shangazi likipanda mdomoni, tayari, laini. Alilimeza. Mikono yake ilikuwa imejaa majani na udongo.

"Ya mama ya shefu Mbuyi," alisema. "Mama Ernestine. Alikufa pa gare, bakingoja treni."

Akangoja. Alikuwa ameuogopa uso huu tangu Jumapili ile ya baa; kwa ajili yake aliwasha feni ya tanuri, kwa ajili yake alimwambia mtu aliyemwamini kwamba hakuna kitu. Sasa aliutazama. Ulikuwa uso wa mwanamume aliyechoka, mwenye jasho, ambaye viatu vya mazishi vinambana. Kitenge alisoma ubao, midomo ikichezacheza.

"Alikufa hapa?" alisema. "Sikujua."

"Bon. Kesho, shefu," alisema, na akaondoka kuwafuata wenzake, akichechemea kwa vile viatu.

Ikawa ndiyo hiyo tu. Hakuna kijana aliyekuja na tawi, hakuna aliyepasua mlango wa nyumba yake usiku ule wala usiku mwingine. Kazini hakuna aliyesema neno. Hata kabla ya kuyajua hayo, Mukalay alibaki amepiga magoti pale makaburini, uso unamchoma kuliko kama angepigwa kofi, kwa maana alikwisha kuona bei ya kusema ukweli ilikuwa nini. Labda siku ile penye mapipa bei ingekuwa kubwa zaidi. Siku ile watu hawakuwa kama walivyo leo. Hatajua. Aliinama akaendelea kung'oa majani mpaka udongo mwekundu ukaonekana wote.